Kiti cha Titina

Wiki jana niliwaacha baba kashika koti la mgeni mkono mmoja, miwani mkono wa pili, na mimi nimeshika roho yangu. Hajaliachia bado. Na mimi sijaiachia.

"Hii kazi ya nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa sauti. Baba yangu, Fundi Sabatino Imparato, akipiga kelele ujue mambo shwari. Akinong'ona, tafuta mlango.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, njoo nikupakulie haraka haraka. Mimi ni Ornella, bintiye. Miaka ishirini na mitatu, chuo nimemaliza, Kijapani nakimwaga kama maji, na kazi yangu ni kusimama katikati ya baba na wateja wanaotoka Japani kuja kwetu Napoli kushonewa suti. Mgeni wa leo ni Bwana Kuwabara, wa Kanazawa. Kapanda ndege mara tatu kwa suti moja! Ya kwanza kupimwa, ya pili kujaribishwa, na leo ndiyo ya tatu. Amesimama katikati ya chumba ndani ya koti lisilokwisha, limejaa uzi mweupe wa bandi, ule wa kushikiza kwa muda, na mkono wake mmoja baba ameshaung'oa kwa vidole kama anachuna kuku. Ndivyo tunavyofanya. Mkono ukikaa vibaya unang'olewa papo hapo, mteja akiwa ndani.

Balaa halikuwa hilo. Balaa ni lile koti jingine, la buluu, alilokuja amelivaa. Alilivua akalitundika kwenye kiti, baba akataka kulisogeza tu. Akaona matundu ya vifungo.

Na yale matundu, wasomaji wangu, niliyashona mimi.

"Muulize kalitoa wapi," baba akaniambia.

Nikamgeukia Bwana Kuwabara, tabasamu hadi masikioni. Nikasema kwa Kijapani: "Baba anasema koti lako zuri mno."

Bwana Kuwabara akajibu: "Lilishonwa hapo ng'ambo ya barabara. Novemba."

"Anasema kanunua Tokyo," nikamwambia baba. "Dukani. Yalikuwa yametundikwa mengi."

"Sikusema hivyo," akasema Bwana Kuwabara.

Kwa Kiitaliano!

Jamani, nilitamani sakafu inimeze na viatu vyangu. Njia ya mwongo fupi, lakini yangu haikufika hata kwenye kizingiti.

"Wewe unajua Kiitaliano?" baba akamuuliza.

"Miaka sita nakuja hapa. Mna kelele sana. Mtu anajifunza bila kutaka." Mgeni hakucheka. "Mwaka jana ulisema mgongo wangu kama wa ngamia mgonjwa. Nililisikia hilo pia."

"Na nilikosea?"

"Hukukosea. Lakini nililisikia."

Baba akavaa miwani. Akapitisha kiganja kwenye bega la lile koti la buluu, polepole, mara moja, mara ya pili. Nikaona koo lake linapanda na kushuka. Halafu akalitupa mezani kama samaki aliyeoza.

"Bega la namna hii halitoki Tokyo. Umevuka barabara," akasema.

"Nimevuka barabara. Suti yako naisubiri miezi kumi na minne. Kwetu miezi kumi na minne mtu anajenga nyumba."

"Nyumba haitembei! Suti inatembea!"

"Hii yako haijatembea bado."

Uwiii! Nunziata, mama anayetushonea suruali, akajifanya anakohoa. Nilimjua, anacheka. Yule mama shida za watu ndiyo kahawa yake.

Sasa ng'ambo kuna nini? Kuna Attilio. Alikuwa mkataji wa baba miaka kumi na minane, akala kwetu Krismasi na Pasaka, halafu miaka tisa iliyopita akaondoka akafungua duka lake mtaa uleule, dirisha linatazama dirisha. Jina lake halitajwi kwetu. Tunasema "Yule." Asubuhi baba akifungua mbao za dirisha anatema mate chini kwanza, ndipo anakunywa kahawa.

"Mteja wangu akienda kwa fundi wa Milano nasema amepotea," baba alikuwa anaongea na koti sasa, si na mtu. "Akienda Roma nasema anaumwa. Lakini kwa Yule! Heri angekuja na mke wa pili. Haya, wewe ni mgeni, wewe nitakusamehe nikishakufa. Lakini hii..." Akachomeka kidole kwenye tundu la kifungo. "Hii ni ya nyumba yangu. Hiki ni kikulacho ki nguoni mwangu. Titina!"

Moyo wangu paa!

Lazima mjue jambo moja. Kwetu tundu la kifungo ni sahihi. Koti moja lina zaidi ya kumi, yote kwa mkono, uzi wa hariri, na kila mwanamke anayeyashona ana namna yake ya kumalizia. Titina anamalizia kwa nyuzi tatu badala ya mbili, kisha fundo dogo linalolalia kushoto. Napoli nzima anayefanya hivyo ni yeye. Yeye, na mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha nikiwa na miaka sita. Novemba nilipomshonea Attilio nilijitahidi kubadilisha kila kitu. Vidole vikakataa. Vilimaliza vyenyewe kwa nyuzi tatu, na mimi wala sikugundua, mjinga mkubwa mimi.

Na Titina sasa. Shangazi Titina si shangazi wa damu. Aliingia kwa babu ana miaka kumi na mitano, sasa ana sitini. Hakuolewa, hana mtoto, hana ndugu anayemsalimia. Ana kiti. Kile kiti cha majani yaliyosukwa, karibu na dirisha, hakikaliwi na mwingine hata awe askofu. Mkimtoa pale mmemtoa duniani.

Na macho yake, niseme tu, yamekwisha. Mwaka wa pili sasa. Anaona mwanga, anaona vivuli, basi. Anajua yeye, najua mimi. Anajifanya anapeleka makoti nyumbani akashone kwa utulivu, na sisi tunakaa ngazi moja, mlango kwa mlango. Saa zile za mchana Napoli imefunga mbao inalala, mimi namshonea. Jioni anarudisha, baba anatazama, anasema: "Titina, mkono wako unazidi kuwa mzuri." Na mimi nanyamaza!

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa hivi. Nikisema ni mimi niliyeshona, baba atauliza makoti yake nani anashona, na nimemtoa Titina kwenye kiti kwa upofu. Nikinyamaza, anatolewa kwa usaliti.

Chagua wewe.

Titina akainuka kwenye kiti akaja, mkono mmoja ukipapasa ukingo wa meza kana kwamba anafuta vumbi. Anaigiza vizuri, msanii kabisa. Baba akamsukumia koti.

"Angalia kazi yako."

Titina hakuangalia. Alipitisha kidole gumba kwenye tundu la kwanza. La pili. Alipofika la tatu, uso wake ukanigeukia mimi, si pale nilipo hasa, kidogo pembeni. Alijua. Kidole kilikuwa kimemwambia kila kitu, pamoja na jina langu.

Nikafungua mdomo. "Baba, mi—"

Kisigino cha Titina kikanikanyaga mguu, nikaona nyota.

"Ni mkono wangu," akasema.

"Sema tena."

"Huna masikio? Nimesema ni mkono wangu, Sabatino."

Nunziata akaachia suruali aliyokuwa nayo. "Mimi nilisema! Nilisema au sikusema? Mtu kila siku anabeba kazi kwenda nayo nyumbani, kwani hapa kuna nyoka?"

"Yupo mmoja," akasema Titina. "Anashona suruali."

"Miaka arobaini na mitano!" Baba sasa alikuwa ananong'ona kabisa, nikaona tumekwisha. "Umekula mezani kwangu miaka arobaini na mitano!"

"Nimekula nilichokipika mwenyewe. Mkeo, Mungu amrehemu, alikuwa anaunguza hata maji."

"Kwa nini, Titina? Kwa Yule! Kwa nini?"

"Nilijisikia."

"Ulijisikia?"

"Yeye husema asante. Nilitaka kusikia neno hilo linafananaje."

Baba akawa mweupe kama chaki. Akanyoosha kidole mlangoni, mdomo ukafunguka, na nakwambia neno "toka" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nunziata ndiye aliyelizuia. Hakuridhika na kidonda, alitaka kukitia chumvi.

"Subiri kwanza, Fundi. Usimfukuze bila ushahidi. Ashone moja hapa hapa, mbele ya mgeni, tulinganishe. Maana mimi, kwa roho ya mama yangu, mwaka wa pili huu sijamwona na sindano mkononi. Labda hata kushona kwenyewe kasahau."

"Mimi nimesahau?" Titina akacheka. "Wewe mkia wa mbuzi, mimi nilikuwa nashona wakati wewe unajikojolea. Lete sindano."

"Shangazi, usi—"

"Ornella, nyamaza. Lete sindano, nimesema."

Akarudi kwenye kiti chake akakaa wima kama malkia. Baba akampa kipande cha kitambaa cha kijivu. Bwana Kuwabara, na koti lake la mkono mmoja, akasogea karibu. Hakuna aliyekumbuka kumvua. Nunziata akaleta sanduku la nyuzi za hariri, lile lenye vyumba kumi na viwili. Titina analijua kwa vidole: kutoka kushoto, cha tatu ni kijivu.

Nunziata akaliweka mapajani mwa Titina. Kinyumenyume. Kushoto kukawa kulia.

Kisha akanitazama. Alijua! Yule mwanamke alikuwa anajua siku zote!

"Shangazi, ngoja nikuwekee vizuri sanduku—"

"Mtu asimguse," akasema baba.

Vidole vya Titina vikatembea juu ya sanduku. Moja, mbili, tatu. Vikatoa uzi.

Mwekundu. Mwekundu ule wa damu, tunaoutumia kwa bitana za wenye majivuno.

Akaulowesha mdomoni. Akashika sindano, tundu lake akaligusisha kwenye mdomo wa chini, akapitisha uzi mara moja tu. Kwa mtu asiyejua ilikuwa kama anabusu sindano. Akavaa subana, kile kikofia cha chuma cha kidoleni. Akachana kitambaa kwa kisu kidogo, mstari umenyooka kama sala. Akaanza.

Na huku anashona, anaongea! Hakumwacha baba apumue.

"Unakumbuka mwaka ule umeanguka na homa, Sabatino, na harusi tatu zinasubiri makoti? Nani alishona matundu themanini kwa siku mbili? Unakumbuka ulisema nini ulipopona? Ulisema hili la hapa limekaa juu kidogo."

"Lilikaa juu kidogo."

"Lilikaa juu kidogo! Themanini! Na babako, fundi mkubwa yule, aliniita 'wewe' miaka kumi, alikuwa hajui jina langu. Na wewe ulipochukua duka ukasema Titina, sasa mambo yatabadilika. Yakabadilika. Ukabadilisha pazia."

Uzi mwekundu unapanda, unashuka. Mshono kwa mshono, sawasawa, umeshikana kama punje za mahindi. Mimi machozi yananitoka na siwezi kuyafuta maana nitaonekana. Bwana Kuwabara akainama sikioni kwangu, akasema Kijapani, taratibu: "Haoni."

Sikumtafsiria mtu.

Nyuzi tatu mwishoni. Fundo dogo, likalalia kushoto. Titina akakata uzi kwa meno, akalaza kitambaa kwenye goti lake, akakipapasa.

"Haya. Kijivu juu ya kijivu, hata malaika hataona mshono ulipo. Linganisha sasa."

Nje muuza mboga anapita anatangaza brokoli zake. Kwenye kile kitambaa tundu jekundu linatutazama kama jicho. Zuri! Zuri kuliko yangu yote, nawaapia. Mkono ulikuwa bado unajua. Macho ndiyo yaliyokwisha.

Baba akapiga goti moja mbele ya kiti. Sauti yake sikuitambua.

"Titina. Uzi huu rangi gani?"

"Umekuwa kipofu? Kijivu."



Nikaona lile jambo linamwingia Titina polepole. Kwanza mabega yalishuka. Kisha mkono ukaenda kwenye sanduku, ukapapasa vyumba, ukasimama.

"Nani kaligeuza?" akauliza.

"Mkono wako ni uleule, nakiri," Nunziata akasema kwa upole wa kununua sokoni. "Ila rangi, mpenzi, tumekuomba ya kijivu, si ya bendera."

"Tangu lini?" baba akauliza.

"Tangu Pasaka ya mwaka juzi," akasema Titina.

"Na makoti yangu? Miaka miwili nani kashona makoti yangu?"

Titina akafunga mdomo. Mnajua mtu anapofunga mdomo mpaka midomo inapotea? Hivyo. Angenyamaza mpaka kaburini kwa ajili yangu. Basi nikaona hapana, Ornella, kama una damu mwilini ongea.

"Mimi."

Baba hakugeuka. "Na ya Yule?"

"Mimi pia. Titina hakujua. Hajawahi kuvuka barabara hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Aliniomba nimsaidie matundu."

Hapa, wasomaji wangu, nilidanganya, na nyie siwezi kuwadanganya. Sikushona matundu tu. Lile koti la buluu nililikata mimi. Lote! Kuanzia chaki ya kwanza. Kwetu mwanamke anashona matundu, anashona suruali, mkasi mkubwa hagusi. Babu kasema, babu yake kasema, na baba anasema. Nilimwomba baba mara nne anifundishe. Mara ya nne alinipa ufagio. Attilio nilimwomba mara moja. Mwaka mzima nilimwibia baba saa zangu za mchana, nusu kwa Titina, nusu kwa Attilio, na Novemba Attilio akaniachia mteja mzima mzima, akaniapia kwa roho ya marehemu mama yake kwamba hatasema kamwe. Bega lile ambalo baba alilipapasa mara mbili akameza mate ni bega langu. Ningelisemaje? Leo? Na Titina amekaa pale uchi mbele ya watu?

Baba akasimama. Nilifikiri atanipiga. Heri angenipiga. Alimtazama Titina kutoka juu, na hasira, mnajua ilivyo, ikishindwa kumpata mwenye kosa inamkamata aliye karibu.

"Kwa hiyo miaka miwili," akasema, "nimemlisha mtu wa kupasha kiti moto."

Hata Nunziata alishtuka.

Titina akavua subana kidoleni, akaitia mfukoni. Akainuka. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni huku anahesabu hatua kwa sauti, kila namba kama tusi.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Titina," akasema baba.

"Nne. Tano."

"Titina, nimesema kwa hasira."

"Kumi na nne," akasema Titina, akashika kitasa bila kupapasa, akatoka.

Nikakimbilia roshani, Bwana Kuwabara nyuma yangu, Nunziata nyuma yake. Ghorofa mbili chini, Titina akatokea barabarani. Hakusimama kuangalia, angeangalia nini? Alinyoosha mkono mbele kama askari wa trafiki akavuka. Pikipiki tatu zilipiga breki kwa mpigo. Dereva mmoja akataja watakatifu ambao sijui kama wapo.

Akafika ng'ambo. Attilio alikuwa ameshatoka mlangoni, kichwa chake chenye upara kinang'aa. Alimtazama juu baba, akatabasamu, akauchukua mkono wa Titina akaubusu, akamwingiza ndani. Dakika haikuisha, tukamwona amekalishwa dirishani. Dirisha linalotazama letu! Hata alimwekea mto.

"Mungu wangu," akasema Nunziata. "Sasa matundu atashona nani?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, ameona yote. Akarudi ndani, akakishika kile kiti cha majani, akakipandisha begani akashuka nacho ngazi. Tulimsikia anagonga kila ukuta.

Miaka tisa baba hajakanyaga upande ule wa barabara. Na hata leo hakukanyaga. Alifika katikati, katikati kabisa, pale kwenye mstari mweupe, akakiweka kiti chini akasimama pembeni yake, mkono juu ya mgongo wa kiti kama anapigwa picha.

Honi! Honi za magari, honi za pikipiki. Watu wakatoka madukani, wengine na vikombe vya kahawa mkononi.

"Babu!" akapiga kelele kijana wa teksi. "Unasubiri basi?"

"Nasubiri mwanamke!"

"Basi kaa, utachoka miguu!"

Barabara nzima ikacheka. Baba hakucheka. Akapaza sauti, sasa anapiga kelele kweli, na mimi nikapata matumaini kidogo.

"Titina! Kiti chako hiki hapa! Ama unarudi kukikalia, ama nakivunja kuni mbele ya mtaa mzima!"

Titina akatokea kwenye mlango wa Attilio, kashika nguzo.

"Vunja!"

"Nitavunja!"

"Si nimekwambia vunja? Umeona nimelia?"

Baba akakiinua kiti juu. Akakishikilia juu. Mikono ikaanza kutetemeka, ana miaka sabini na moja jamani. Akakishusha taratibu, akakikalia mwenyewe. Kile kiti! Hajawahi kukikalia maishani mwake.

"Unataka nini?" akauliza, na mtaa wote ukanyamaza kusikia. "Nikuombe radhi? Nimekosa. Haya, nimesema, wameniona wote, hata huyu mpumbavu wa teksi. Macho si kitu. Utakaa. Hutashona hata tundu moja, utakaa tu. Rudi."

Wasomaji, nililia. Hata Bwana Kuwabara alitoa kitambaa chake.

Lakini Titina hakusogea.

"Kukaa tu sitaki. Mimi si paka. Nitarudi siku utakapomsimamisha Ornella mezani na mkasi mkononi, mimi nikae pembeni nimfundishe kuishi na wewe. Siku hiyo nitarudi. Kabla ya hapo, hapa kuna mto."

"Ornella? Mkasi?" Baba akacheka kicheko kibaya. "Yule hajui kukata hata mkate!"

Na hapo Attilio, nyoka mwenye upara, aliyeniapia kwa roho ya mama yake, akatoa sigara mdomoni.

"Sabatino," akasema, kwa utaratibu, kama anayeonja. "Nilikuona leo dirishani unalipapasa lile bega la buluu. Mara mbili. Uliumia, sivyo? Ulidhani nimekupita." Akainua uso hadi roshani, akaninyooshea sigara. "Mimi sikukata hata mkono mmoja wa koti lile. Muulize bintiyo nani kalikata."

Honi zikaacha. Sijui kama ziliacha kweli au ni masikio yangu.

Baba aligeuza kichwa kunitazama juu. Hakuhitaji kuuliza, uso wangu haujawahi kujua kuficha. Akakaa pale kwenye kiti, katikati ya barabara, muda wa kusoma Salamu Maria nzima.

Halafu akanong'ona. Ghorofa mbili juu, na nilimsikia.

"Ornella. Shuka. Na huyo Mjapani ashuke na lile koti. Na mkasi wangu uje nao."

"Usishuke!" Titina akapiga ukelele, kashika nguzo kwa mikono miwili. "Ornella, usishuke! Atakufanya ulikate vipande kwa mkono wako, mbele ya mteja! Ndivyo alivyomfanyia Attilio! Kwa nini unadhani aliondoka?"

Nikamtazama Attilio. Sigara ilikuwa imemwanguka, na macho yake yalikuwa kwenye viatu vyake.

Nyuma yangu, ndani ya mlango wa roshani, Bwana Kuwabara alikuwa amelivua koti la baba, la bandi nyeupe, na kuvaa la buluu. Alikuwa anafunga vifungo. Vyote vitatu, hata kile cha juu ambacho hapa kwetu hakifungwi kamwe.

"Silivui," akaniambia. "Anikate nikiwa ndani."

Nikaingia chumbani. Mkasi wa baba unatundikwa kwenye msumari juu ya meza, na katika maisha yangu yote sijawahi kuugusa. Ulikuwa mzito kuliko wa Attilio, mzito ajabu, nikautoa kwa mikono miwili. Chini Titina alikuwa bado ananiita nisishuke, na mimi nilikuwa nimeshafika ngazi ya kwanza.